Kubeba spea nzito nyuma ya SUV bila kuua mlango: mwongozo kamili

Mtu akiamua kuweka matairi makubwa anawaza kuinua gari, anawaza fenda zitagusa, anawaza spidomita itadanganya, alafu mwisho kabisa ndio anakumbuka kumbe kuna tairi ya tano, yaani spea, nayo inatafuta pa kukaa. Na pa kukaa penyewe ni mlango wa nyuma ambao kiwanda kiliupigia hesabu ya tairi ndogo. Kwahiyo inafungwa hivyohivyo, nati tatu, twende, na baada ya muda mlango unaanza kulia, vumbi linaingia ndani, siku moja unaufungua unaona ufa kwenye bati.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili ujue hii safari inaelekea wapi: kinachoua mlango sio kilo peke yake, ni kucheza. Tairi ya kilo 40 iliyobanwa ikawa kitu kimoja na gari inaweza kukaa miaka, ya kilo 30 inayotikisika hata kwa milimita chache itakula bawaba, itakula bolti, itapasua bati. Karibu kila hatua hapa chini ni njia ya kuondoa huko kucheza.

Hii inahusu zaidi gari ambazo spea iko mlangoni toka kiwandani, kama Jeep Wrangler, Suzuki Jimny, Mitsubishi Pajero, Nissan Patrol, Land Rover Defender na zile Prado zenye tairi nyuma. Kama spea yako ilikuwa uvunguni na haiingii tena kwasababu imenenepa, we soma yote ila hatua ya tatu isome mara mbili.

Hatua ya kwanza: pima, usikisie

Chukua mizani ya kawaida ya kupimia mtu. Tairi ukiilaza juu yake inafunika namba zote, kwahiyo weka ndoo ngumu iliyopinduliwa au kipande cha gogo juu ya mizani kwanza, alafu laza tairi na rimu yake hapo juu, soma, toa uzito wa ndoo. Usipime tairi tupu, rimu ndio inawaponza watu, hasa rimu ya chuma.

Ili uwe na picha (saizi hizi zimeandikwa ukutani mwa tairi): 265/70R17 ya kawaida kwenye rimu ya aloi inacheza kwenye kilo 30 hivi. Ukienda 285/70R17 ya matope yenye kuta nene, ile ya inchi 33, uko karibu na 40. 315/70R17, yaani inchi 35, ni kati ya 45 na 50. Inchi 37 unavuka 50 kirahisi tu. Ziko tofauti kati ya aina na aina, ndio maana nasema pima yako.

Sasa angalia hizo kilo zinafanya nini. Tuseme tairi ni kilo 45, katikati yake iko sentimita 50 kutoka kwenye mstari wa bawaba, na bawaba ya juu na ya chini zimeachana sentimita 40. Mlango ukiwa wazi, 45 mara 50 gawa kwa 40, bawaba ya juu inavutwa kutoka kwenye bodi kwa nguvu kama ya kilo 56 na ya chini inasukumwa vilevile, na hapo hata uzito wa mlango wenyewe sijauhesabu. Ukifunga, loki inasaidia kubeba. Ila ukipiga shimo kwa spidi mzigo unaruka mara mbili mara tatu kwa sehemu ndogo ya sekunde, yaani ile 56 inageuka 170. Na ukumbuke tairi haijalala kwenye mlango, imetokeza nje, kwahiyo pia inauvuta mlango kwa nyuma kila gari ikiruka. Bati la mlango lina unene usiofika milimita moja.

Hatua ya pili: kagua ulichonacho kabla hujaongeza kitu

Toa spea iliyopo. Fungua mlango kama upana wa kiganja, shika ukingo wa chini upande wa loki, inua juu kwa mikono miwili. Ukisikia "tok" au ukaona mlango umepanda kabla gari haijapanda, pini za bawaba zimekwisha. Hapo hakuna cha kuongeza kilo, badilisha pini na bushi kwanza.

Alafu angalia kile chuma cha kwenye bodi ambacho loki inakishika. Kama sehemu ya chini ya loki imekwangua rangi ikang'aa, mlango umeshuka na kila ukifunga unaupandisha kwa nguvu. Weka alama ya kalamu kuzunguka kile chuma, legeza, kisogeze milimita moja tu, kaza, jaribu. Watu wanakisogeza kwa mkupuo mpaka mlango haufungi kisha wanasema gari imepinda. Na kusogeza kile chuma sio dawa ya bawaba iliyochoka, ni marekebisho ya mwisho baada ya bawaba kuwa nzima.

Sasa toa plastiki ya ndani ya mlango. Hapa ndio ukweli ulipo. Mulika na tochi kwenye matundu ya bolti za kishikio cha spea na pale bawaba zilipoungwa, unatafuta mistari myembamba ya rangi iliyopasuka, mara nyingi inaanzia kwenye tundu inakimbilia kona. Kukiwa na kutu ya unga mwekundu kwenye mstari, huo ni ufa tayari na unapumua. Ufa mdogo unazuiwa kwa kutoboa tundu dogo la milimita 3 mwishoni kabisa pale unapoishia ili usiendelee, kisha unaweka sahani ya chuma juu yake. Ufa mrefu au ulioshika bawaba, peleka kwa fundi wa bodi, na kabla hajachomelea chochote toa waya za betri.

Hatua ya tatu: amua tairi itakaa wapi

Kuna njia nne za maana, na wala sizipendi sawasawa.

Ya kwanza ni kubaki mlangoni na kuimarisha. Kama tairi ni mpaka kilo 35 hivi na barabara zako ni za kawaida hii inatosha kabisa, usiuziwe bampa la bei kubwa. Kuna vishikio vinavyouzwa vyenye bawaba zake nzito zinazochukua nafasi ya zile za kiwanda, uzito unatoka kwenye bawaba kwenda kwenye bodi bila kupita kwenye bati la mlango, na hivi ndivyo ningechukua kwa tairi ya inchi 33 mpaka 35 kwenye gari ambazo vinapatikana.

Ya pili ni bampa la nyuma lenye mkono wa chuma unaobeba tairi na kufunguka pembeni. Uzito unaenda kwenye chesisi, mlango unapumua. Kwa inchi 35 nzito na kuendelea, au ukiwa mtu wa njia mbovu kila wiki, nenda hapa. Ubaya wake ni uzito wa bampa lenyewe, na kwamba ukitaka kitu nyuma unafungua mkono kwanza, kisha mlango, unafunga mlango, unarudisha mkono. Kwenye mvua utatukana.

Ya tatu ni kishikio kinachochomekwa kwenye lile bomba la mraba la kuvutia trela. Rahisi kuweka na kutoa, ila kinakaa mbali zaidi nyuma na kinapunguza uwezo wa gari kutoka kwenye mtaro bila kugusa chini. Na kinacheza, kwasababu bomba moja ndani ya lingine lazima liwe na nafasi. Kama unaenda nacho nunua na kibano cha kukaza hilo bomba, bila hicho usianze safari. Soma pia kibandiko cha bomba kinasema linabeba kilo ngapi kwenda chini, maana tairi pamoja na kishikio vyote vinahesabika.

Ya nne ni juu ya keria ya paa. Kilo 45 juu ya kichwa cha gari zinainua kitovu cha uzito, gari inayumba kwenye kona, na kuishusha peke yako ukiwa kwenye matope ni mtihani. Ni suluhisho la muda.

Hatua ya nne: kuifunga mlangoni inavyotakiwa

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo kazi inapoharibikia.

Kishikio cha mlangoni kina bolti tatu au zaidi katikati, na pembeni kuna vidole vya raba, viwili au vitatu au vinne kutegemea gari. Watu wanadhani zile raba ni urembo au ni za kuzuia tairi isikwaruze rangi. Hapana bana, zile ndio zinazozuia tairi isitikisike. Tairi ikishabanwa, ukuta wake unatakiwa uwe umezibonyeza raba zote, sio moja, zote, mpaka uone zimeingia ndani milimita 3 mpaka 5. Ukiweza kupitisha karatasi kati ya raba na tairi, tairi yako inaning'inia kwenye bolti peke yake na kila shimo ni nyundo.

Ukibadilisha rimu yenye ofseti tofauti (umbali wa kikalio cha rimu kutoka katikati ya upana wake) au tairi pana, ule umbali umeharibika. Tairi pana inaweza kugusa raba mapema mno kabla rimu haijakaa kwenye kishikio, au rimu inakaa vizuri na raba zinaelea. Raba nyingi zinazungushwa zikatoka au kuingia, kwahiyo fanya hivi: zirudishe ndani zote, weka tairi, kaza nati kwa mkono mpaka rimu ikae flati kwenye kishikio, angalia pengo la kila raba. Toa tairi, toa kila raba nje kwa ukubwa wa pengo lake na milimita 4 zaidi, rudisha tairi, kaza kwa kupishana nati moja baada ya nyingine kidogokidogo. Kama raba zimeishia na bado hazigusi, tafuta ndefu zaidi. Usiweke kipande cha ndala, kitasinyaa ndani ya mwezi.

Bolti nazo. Nati lazima ishike uzi angalau sawa na unene wa bolti, bolti ya milimita 12 inataka milimita 12 za uzi ndani ya nati, pungufu ya hapo unatafuta bolti ndefu. Angalia umbo la kikalio: rimu ya matundu yenye koni inataka nati ya koni, ukiweka nati flati inashika ukingo tu, inalegea. Na mpangilio wa matundu uwe uleule, 6 kwa 139.7 (matundu 6 kwenye duara la milimita 139.7) sio 5 kwa 150, hata kama bolti mbili zinaonekana kuingia.

Tairi kubwa kuliko ya kiwanda itataka kukalia bampa. Lazima ibaki hewa kati yake na bampa, walau vidole viwili, kwasababu gari ikijipinda kwenye njia mbovu mlango na bampa havitembei pamoja. Haipo nafasi? Panda juu kwa kishikio chenye matundu ya kurekebisha, ila kila sentimita ya juu inaziba kioo na kamera.

Kuimarisha bati la ndani: kata sahani ya chuma ya milimita 4, ndefu ya kutosha ivuke matundu yote ya bolti na ifike karibu na bawaba, toboa, piga rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili na ndani ya kila tundu ulilotoboa, kisha funga kwa bolti. Kwa bolti, sio kwa kuchomelea. Bati jembamba likichomelewa kwenye chuma kinene linachoka pembeni ya mshono na ufa mpya unaanzia hapohapo.

Ukimaliza shika tairi kushoto na kulia, itikise kwa hasira. Gari zima linatakiwa liyumbe kwenye springi zake. Tairi ikiyumba peke yake rudi juu ya hii hatua.

Hatua ya tano: kama umeenda kwenye bampa la mkono

Usiangalie rangi, angalia egemeo, pale mkono unapozungukia ukifunguka. Egemeo zuri lina beringi mbili za koni kama za kwenye habu ya trela, juu na chini, na sehemu ya kupigia grisi. Bomba ndani ya bomba lenye grisi tu litaanza kucheza, na ukilikuta kwenye bampa la bei kubwa uliza kwanini. Mkono ukifungwa lazima upande kwenye kikalio au kiroli upande wa loki, ili ukiwa safarini uzito ubebwe ncha zote mbili na egemeo lisibebe peke yake. Kisha kuna kibano cha kukaza kinachovuta mkono dhidi ya raba, na pini ya usalama juu yake, kwasababu kibano kinaweza kufunguka.

Bampa lifungwe kwenye chesisi kwa bolti pande mbili, za nyuma na za ubavuni. Lililoshikwa na bolti za nyuma tu litajikunja lenyewe polepole. Mkono pia uwe na kitu cha kuushikilia ukiwa wazi, maana kwenye mteremko kilo 60 za chuma na tairi zinazojirudia zenyewe zinavunja mkono wa mtu. Hilo hata kwa mlango wa kawaida lipo, ukipaki gari imeinama upande wa bawaba fungua taratibu ukiwa umeushika, usiuachie ukasimamie ule mkanda wake mdogo wa kuzuia.

Hatua ya sita: hesabu ya nyuma na mbele

Uzito ukikaa nyuma ya ekseli unafanya kazi mbili. Chukua kilo 100 za bampa na tairi zilizokaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, gari yenye mita 2.8 kati ya ekseli na ekseli. Ekseli ya nyuma haiongezewi 100, inaongezewa karibu 136, na ya mbele inapunguziwa 36. Ndio maana usukani unakuwa mwepesi mwepesi na taa za mbele zinaangalia juu zinawapofusha wenzio.

Pima kutoka katikati ya rimu ya nyuma mpaka ukingo wa fenda kabla na baada. Ikishuka zaidi ya sentimita mbili tatu fikiria springi zenye nguvu zaidi nyuma, sio kupiga upepo zaidi kwenye tairi. Kisha weka taa sawa, kazi ya dakika kumi na bisibisi mbele ya ukuta.

Na tafadhali, usigeuze mlango kuwa stoo. Jeki ndefu ya inchi 48 ni kilo 13, jeri kani ya lita 20 iliyojaa petroli ni karibu 20 ukihesabu na chuma chake, koleo, boksi. Nimeona milango imebeba vyote hivyo juu ya tairi ya inchi 35 na mwenyewe anashangaa kwanini kioo kinapiga kelele.

Hatua ya saba: kinachoonekana kwa nyuma

Taa ya breki ya katikati, pleti namba, indiketa na kamera, chochote kilichozibwa kinahamishwa. Kamera nyingi zinahamishiwa katikati ya rimu kwa kishikio maalum, mjaribie mtu asimame nyuma uone inakatia wapi. Pleti namba ikihama ihame na taa yake. Waya zipite na mpira unaojikunja pembeni ya bawaba, zisibanwe mlango ukifungwa.

Hatua ya nane: kuinua bila kuumia mgongo

Bolti ziko usawa wa kiuno au juu zaidi, tairi iko chini, na mara nyingi upo peke yako. Usiikumbatie ukanyanyua kwa mgongo. Tafuta kituo cha katikati: boksi la zana, gogo, jiwe bapa, chochote kigumu cha nusu ya urefu. Simamisha tairi, iegemeze kwenye kituo, iviringishe ipande juu yake huku goti lako liko nyuma. Pumzika. Kabla ya kuendelea zungusha tairi mpaka tundu moja la rimu liwe juu kabisa sambamba na bolti ya juu ya kishikio, hii ndio siri, kwasababu kuzungusha kilo 45 ukiwa umezibeba hewani haiwezekani. Piga goti chini ya tairi, mikono saa 4 na saa 8 za uso wa saa, nyoosha miguu, ining'inize kwenye bolti ya juu, weka nati moja kwa mkono. Hapo tairi haiendi popote na zilizobaki ni kupenyeza.

Ukiwa na keria ya paa imara, mkanda wa kufungia mzigo wenye kikaza unafanya kazi kama winchi: pitisha kwenye tundu la katikati la rimu, ning'iniza juu, kaza meno machache machache huku unaongoza kwa mkono. Ni taratibu ila mgongo unabaki mzima. Kushusha ni kinyume chake, na miguu isiwe chini ya tairi hata sekunde.

Hatua ya tisa: baada ya kuondoka

Kilomita 100 za kwanza, simama kaza nati zote tena, raba zimeshajipanga na utakuta nati zimelegea kidogo. Kisha kila ukipiga upepo piga na mtikiso ule wa mkono, unachukua sekunde tano. Pini za bawaba zipate mafuta, nati moja iwe ya loki kwasababu spea ya matope ni pesa inayoning'inia nje, na funguo yake ikae kwenye gari sio kwenye droo nyumbani.

Tairi yenyewe inazeeka hata haijatembea, jua linaikausha. Soma zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ukutani: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiipokezanisha zamu na zile nne za chini zote tano zinaisha pamoja, na kwa gari yenye 4x4 ya muda wote hilo lina maana zaidi kwasababu tairi moja yenye kipenyo tofauti inailazimisha difu kufanya kazi isiyo yake.

Upepo, weka juu kidogo ya unaotumia kila siku, kuupunguza njiani ni rahisi kuliko kuuongeza. Na wakati wa kufunga angalia valvu iko wapi. Gari nyingine rimu inakaa uso ndani, valvu inaelekea mlangoni na hufikii bila kutoa tairi nzima, kwahiyo utakuwa huipimi kamwe. Fungia kimpira kirefu cha valvu, kipitishe kwenye tundu la rimu kije nje, kifunge na klipu kisipigepige.